Transpoti ya CD na DAC: Tofauti Iko Wapi Hasa, na Pesa Iende Wapi Kwanza?

Msikilizaji wa Ntinda

Wakuu, salaam. Kuna swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wapenzi wa muziki hapa Kampala, nami naona tulijadili kwa kirefu. Mtu ana deki ya CD ya siku nyingi, amplifaya nzuri na spika za kueleweka, kisha anapata pesa kidogo. Anunue transpoti au anunue DAC? Muuzaji humwambia anunue vyote viwili, tena vya bei ya juu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue pa kuanzia. Transpoti yoyote inayosoma CD sawasawa hutoa namba zile zile, na DAC ya leo iliyotengenezwa vizuri haijali sana namba hizo zimetoka kwenye chombo gani. Kwa hiyo kwetu sisi wa Uganda, transpoti ichaguliwe kwa kutengenezeka kwake, DAC ichaguliwe kwa namna inavyopokea na kutoa, na pesa kubwa iende kwenye spika.

Kwa wageni wa mambo haya: deki ya CD ya kawaida ina kazi mbili ndani ya boksi moja. Kwanza inazungusha diski na kuisoma kwa leza. Pili inageuza zile namba kuwa umeme wa sauti unaoingia kwenye amplifaya. Transpoti ni boksi linalofanya kazi ya kwanza tu, halafu linatoa namba kwa waya wa dijitali. DAC ni kigeuzi kinachofanya kazi ya pili.

Sasa tazameni jinsi usomaji wenyewe unavyokwenda, maana hapa ndipo maneno mengi ya dukani yanapoanguka. Philips na Sony walikubaliana kanuni za CD mwaka 1980, na deki ya kwanza, Sony CDP-101, ikaingia sokoni Japani Oktoba 1982. Kanuni hizo zinataka sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili. Diski haizunguki kwa kasi moja: inaanza ndani kwa mizunguko kama 500 kwa dakika na kumalizia pembeni kwa kama 200. Waliobuni CD walijua vumbi na mikwaruzo havikwepeki, kwa hiyo data imechanganywa na kutawanywa, ikawekewa namba za ziada za kusahihisha makosa. Mkwaruzo unaofuta milimita mbili na nusu za njia hurekebishwa kikamilifu, biti kwa biti. Si kwa kukisia. Zile zile zilizorekodiwa studio.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: data ikitoka kwenye diski haiendi moja kwa moja kwenye sauti. Inaingia kwanza kwenye kumbukumbu ndogo, kisha inatolewa humo kwa mdundo wa kristali. Mota ikiyumba kidogo, kristali haina habari. Mota yenyewe ndiyo inayoongezewa au kupunguziwa kasi kulingana na kiasi cha data kilichomo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo mtu akikuambia transpoti yake ina sauti nzito kwa sababu ina sahani nzito, muulize uzito huo unafikaje upande wa pili wa kumbukumbu.

Karibuni.

Afande wa Bombo

Ndugu yangu wa Ntinda, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Nilistaafu nikanunua transpoti ya Cambridge Audio CXC, na bado ninayo deki ya DVD ya Kichina niliyokuwa nikitumia hapo kabla. Zote nazipeleka kwenye DAC ile ile kwa waya wa koaksia, ule wa dijitali wa chuma, ule ule. Si mimi peke yangu ninayesikia tofauti. Mke wangu anaisikia akiwa jikoni. CXC ina besi iliyotulia na sauti za waimbaji hazichomi. Ile ya DVD inachoma, hasa kwenye matoazi. Kama namba ni zile zile, mimi na mama watoto tunasikia nini?

Halafu kuna suala la jita, yaani kutikisika kwa saa ya data. Wataalamu wamelizungumza miaka mingi, siyo wauzaji peke yao.

Msikilizaji wa Ntinda

Afande, shikamoo, na asante kwa kuleta mfano wenye vifaa vya kushikika. Siwezi kukuambia kwamba husikii unachosikia. Ninachouliza ni kama zile namba kweli ni zile zile, maana kwa deki za DVD mara nyingi siyo.

Deki nyingi za DVD za bei nafuu zimejengwa kwa ajili ya filamu, na sauti ya filamu kwenye DVD ni kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Baadhi yake hubadilisha kila kitu kuwa 48, hata CD ya 44.1. Hapo sampuli zote zinakokotolewa upya na chipu ya bei ya chini kabisa, na kinachofika kwenye DAC si CD yako tena. Nyingine zina mipangilio ya besi na sauti ya ukumbi inayofanya kazi hata kwenye tundu la dijitali. Kama DAC yako inaonyesha kilohezi kwenye kioo chake, weka CD kwenye DVD uangalie. Ikiandika 48, jibu umelipata. Kisha ingia kwenye menyu kwa rimoti, ukiwa umeunganisha televisheni. Tafuta sehemu ya sauti ya dijitali, zima kila kinachoitwa madoido na uweke sauti kutoka kama ilivyo.

Jambo la pili ni CD zenyewe. Baadhi ya CD za miaka ya mwanzo ya 1980, hasa za Kijapani, zilirekodiwa masafa ya juu yakiwa yamepandishwa makusudi. Ndani yake kuna alama inayoiambia deki iyashushe tena wakati wa kucheza. Alama hiyo inatakiwa kusafiri pamoja na data hadi kwenye DAC. Transpoti isipoipitisha, au DAC isipoitii, unasikia sauti iliyopandishwa karibu desibeli 10 kwenye masafa ya juu kabisa. Matoazi lazima yachome! Huenda CXC yako na DVD yako zinaishughulikia alama hiyo tofauti. Jaribu kwa CD ya miaka ya 1990 au ya karibuni uone kama tofauti inabaki.

Sasa jita. Hapo umegusa jambo la kweli na sitalipita haraka.

Waya wa dijitali wa nyumbani, ule wa Sony na Philips, unabeba data na saa kwenye waya mmoja. DAC inapaswa kuichambua saa kutoka kwenye ile ile mishindo ya data. Ukingo wa kila mshindo ukichelewa au kuwahi kidogo, saa inatikisika, na sampuli inageuzwa wakati usio wake. Thamani ni sahihi ila muda si sahihi. Hiyo ndiyo jita. Mwaka 1992 Chris Dunn na Malcolm Hawksford waliwaonyesha wahandisi wa sauti kwamba waya au pokezi lenye upana mdogo wa masafa huzalisha jita inayofuata muziki wenyewe, yaani data inaitikisa saa yake. Kwa hiyo wazee waliosema miaka ya 1990 kwamba transpoti na nyaya zina sauti hawakuwa wakiota. Vigeuzi vya wakati huo vilikuwa na mapokezi dhaifu, na kila udhaifu wa transpoti ulipita hadi kwenye spika.

Kilichobadilika ni upande wa DAC. Chipu ya kupokea kama CS8416 ya Cirrus Logic imeandikiwa na watengenezaji wake jita ya pikosekunde 200 hivi. Baada yake, DAC nyingi za leo zinaandika data upya kwa kristali yao zenyewe kabla ya kuigeuza. Watafiti waliowahi kupima masikio ya watu, kama wale wa Dolby mwaka 1998, walikuta kwamba kwenye muziki halisi jita haisikiki mpaka ifike makumi ya nanosekunde. Nanosekunde 20 ni mara mia ya pikosekunde 200. Transpoti mbovu sana inaweza bado kuisumbua DAC ya zamani. Kuisumbua ya leo ni kazi ngumu.

Ombi langu moja, Afande: ukilinganisha, linganisha pia ukubwa wa sauti. Tofauti ndogo ya desibeli moja hivi, sikio haliisikii kama ukubwa, linaisikia kama ubora. Tafuta faili la mlio wa hezi 100, lichome kwenye CD, kisha mwambie fundi aweke multimita ya volti za AC kwenye nyaya za spika. Volti zikilingana kwa vyombo vyote viwili, sikiliza tena huku mtu mwingine akibadilisha na wewe hujui kipi kinacheza. Mama watoto anafaa sana kwa kazi hiyo.

Fundi wa Katwe

Habari zenu wakubwa. Mimi natengeneza hivi vitu na nataka niseme ya mezani kwangu.

Transpoti nyingi zinazoletwa kwangu hazijafa. Lenzi imeingia vumbi jekundu au mkanda wa trei umelegea. Basi. Mtu ameambiwa anunue nyingine wakati kazi ni ya nusu saa. Lenzi inasafishwa kwa pamba na spiriti safi, taratibu, bila kuikandamiza maana imening'inia kwenye nyaya nyembamba sana. Kitu kinachoniumiza roho ni mafundi wanaokimbilia kukaza kile kiskurubu kidogo cha nguvu ya leza. Ukikikaza, leza inasoma kweli, mteja anafurahi, analipa. Lakini umeichoma. Baada ya muda mfupi imekufa kabisa na mteja hajui kilichoiua.

Msikilizaji wa Ntinda amesema kweli kuhusu kutengenezeka. Kabla hujanunua deki ya mtumba, uliza inatumia leza gani. Sony KSS-213C au Sanyo SF-P101N zinapatikana, zimo kwenye redio na deki nyingi sana. Zile Philips za zamani zenye mkono unaozunguka ni nzuri mno, zimetengenezwa kwa chuma, lakini leza ikifa unaanza kutafuta deki nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine ili uzichanganye. Na hata hizo KSS-213C, nakala duni ni nyingi. Mimi ninaijaribu kwanza na CD iliyochomwa nyumbani kabla mteja hajaondoka, kwa sababu CD ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na zile za kufutika zinarudisha kidogo zaidi. Leza iliyochoka inajionyesha hapo hapo.

La mwisho: vifaa vya mtumba kutoka Japani vingi ni vya volti 100. Angalieni nyuma. Ukichomeka kwenye volti 240 zetu, trafo inaungua palepale, au fyuzi ikiwa una bahati. Transpoti ya Kijapani inahitaji trafo ya kushusha.

Dada wa Jinja

Salaam kaka zangu. Nina swali lisilo la nadharia. Nimenunua DAC ndogo, nimeunganisha kwa koaksia kutoka kwenye deki yangu ya CD, na televisheni nayo imeunganishwa kwenye amplifaya hiyo hiyo pamoja na dekoda. Kuna mngurumo mdogo, "mmmmm", usiokoma hata CD ikiwa imesimama. Bila DAC haupo. Nasikiliza sana embaire, zile marimba kubwa za kwetu Busoga, na pale ngoma zinaponyamaza ule mngurumo unaniharibia kila kitu. Je, DAC ni mbovu?

Msikilizaji wa Ntinda

Dada, DAC yako huenda haina neno. Hiyo ni mzunguko wa ardhi. Waya wa koaksia unaunganisha chuma cha deki na chuma cha DAC. DAC imeunganishwa na amplifaya, amplifaya na dekoda, na dekoda inakwenda mpaka kwenye dishi nje ya nyumba. Umeme unapata njia zaidi ya moja ya kurudi ardhini, na tofauti ndogo ya volti kati ya njia hizo inapita kwenye waya wako wa sauti kama mlio wa hezi 50.

Jaribu hivi: chomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda. Mngurumo ukitoweka, umempata mwenyewe. Kisha tumia waya wa mwanga kati ya deki na DAC, kama deki yako ina tundu la Toslink, lile la mraba lenye taa nyekundu. Waya huo ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983, na ndani yake hakuna chuma, ni plastiki inayopitisha mwanga. Umeme hauwezi kupita humo, kwa hiyo njia moja ya mzunguko inakatika. Wako wanaoudharau waya wa mwanga kwa sababu jita yake ni kubwa kidogo kuliko ya koaksia kwenye karatasi ya vipimo. Kwa nyumba zetu, zenye dekoda, stabilaiza na waya wa ardhi ambao hujui aliufunga nani, mimi nauweka mbele ya koaksia. Mngurumo wako unasikika na mtu yeyote. Jita hiyo haisikiki.

Kama DAC inapata umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye televisheni, ihamishie kwenye chaja yake peke yake. Na kama unatumia inveta ya sola umeme unapokatika, fahamu kwamba zile za bei ndogo hazitoi wimbi laini, na trafo za vifaa vya sauti zinaweza kuvuma zenyewe. Hapo hakuna DAC itakayokuokoa.

Kijana wa Mbarara

Wazee wangu, msinielewe vibaya, lakini kwa nini mhangaike na leza zinazokufa? Simu ninayo, muziki uko mtandaoni, DAC ndogo ya kuchomeka kwenye simu inauzwa kwa bei ya chakula cha jioni cha mjini. Transpoti ya nini?

Msikilizaji wa Ntinda

Swali halali kabisa, mdogo wangu. Na kwa DAC ya USB una faida moja ambayo sisi wa transpoti hatuna: DAC nyingi za USB za leo ndizo zinazoiamuru simu au kompyuta lini ilete data. Saa iko upande wa DAC, pale inapohitajika, na suala la jita ya waya linaisha. Kasoro yake ni kwamba simu nyingi za Android hubadilisha kila sauti kuwa kilohezi 48 kabla ya kuitoa, kile kile kisa cha deki ya DVD ya Afande, isipokuwa utumie programu inayozungumza na DAC moja kwa moja.

Lakini sababu yangu ya kushika CD ni muziki wenyewe. Kuna muziki wa Uganda ambao mtandaoni huupati, au unaupata kwa nakala iliyobanwa mpaka ukakauka. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi ngoma na ala za makasri ya Buganda, Bunyoro na Ankole mwaka 1950 na mwaka 1952, kabla kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, halijavamiwa mwaka 1966. Rekodi hizo zilitolewa kwenye CD. Ukiiweka amadinda ile, yaani marimba ya Buganda, kwenye DAC safi, unasikia jinsi wapigaji wawili wanavyopishana, huyu akipiga pale mwenzake alipoacha nafasi, mpaka inatokea sauti nyingine ambayo hakuna anayeipiga peke yake. Kwenye faili lililobanwa vibaya, ncha ya kila pigo inafutika na ile sauti nyingine inapotea. Hiyo ndiyo sababu ninajali mambo haya yote.

Na CD zilizobaki zinazeeka. Nakuomba ufanye kitu kimoja: kama wazazi wako wana CD, zihamishie kwenye kompyuta kwa programu kama Exact Audio Copy, inayosoma kila sehemu kwa uangalifu na kulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani waliosoma CD ile ile. Zikilingana, unajua umepata kila biti. Hiyo pia ni jibu kwa anayedai kwamba transpoti ya gharama ndiyo pekee inayosoma data yote: kisomaji cha CD cha kompyuta cha bei ndogo kinapata namba zile zile.

Fundi wa Katwe

Naongeza kwa kijana: shikilia CD pembeni, futa kutoka katikati kwenda nje, kamwe usifute kwa kuzungusha. Na watu wanaogopa mkwaruzo wa chini, kumbe ule wa juu, upande wa maandishi, ndio mbaya. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja inayokinga. Juu kuna rangi tu, na data iko chini yake palepale.

Afande wa Bombo

Nimerudi na habari. DAC inaandika 48 kila ninapotumia DVD, hata kwa CD. Nimeingia kwenye menyu, nimezima madoido, lakini 48 imebaki pale pale. Fundi wa jirani alikuja na multimita, na DVD ilikuwa juu ya CXC kwa volti kidogo. Tumesawazisha. Mke wangu akawa anabadilisha, mimi nimegeukia ukuta. Ule uchomaji umepungua sana, nakiri hilo waziwazi. Lakini kwenye sauti za wanawake bado naitambua CXC mara nyingi kuliko kubahatisha.

Msikilizaji wa Ntinda

Afande, umefanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawajawahi kulifanya, na matokeo yako nayaamini. Maadamu DVD inakokotoa sampuli upya, hizo si data zile zile, na inawezekana kabisa unasikia ukokotoaji mbaya. Kwa hiyo DVD hiyo haifai kuwa mpinzani wa CXC. Azima deki yoyote ya CD ya kawaida yenye tundu la dijitali, ile ya Sony au Technics iliyolala kwa rafiki, yenye kutoa 44.1 halisi. Ishindanishe na CXC kwa DAC ile ile, volti zikiwa zimesawazishwa hivyo hivyo.

Afande wa Bombo

Ninayo ya shemeji yangu, Wobulenzi. Technics. Haifungui trei.

Fundi wa Katwe

Afande, ni mkanda huo. Ilete Jumamosi, na ulete na CXC pamoja na DAC. Spika zipo hapa karakana, multimita ipo. Dada wa Jinja, ukiwa mjini siku hiyo njoo na hiyo DAC yako tuisikilize bila dishi.